Daftari Lisilotaja Mwisho: Uchambuzi wa Kisa cha Mwombaji Kutoka Lamu

Kisa hiki, cha mtu anayeomba jina lake litolewe kwenye daftari la wakosaji wa kingono, ni cha kubuni. Sheria, hukumu na miaka nitakayoitaja ni ya kweli, lakini mwombaji, familia yake na mtoto aliyeumizwa nimewaunda mwenyewe, na nina sababu. Lamu ni mji mdogo. Ukitaja mtaa na mwaka, watu wanajua ni nyumba ya nani, na wakishamjua mkosaji wamemjua na mtoto. Sitaki mwanamke yeyote wa Amu, yaani Lamu yenyewe, asome maandishi yangu na kujiona anatolewa tena mbele za watu.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Akiwa na miaka 19, mwombaji alimnajisi mtoto wa jirani, msichana wa miaka 13. Alishtakiwa katika mahakama ya hakimu Lamu chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8(1) kikisomwa pamoja na 8(3). Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungu hicho kinataka kifungo kisichopungua miaka 20. Alipatikana na hatia, akapewa hiyo 20, na rufaa yake ikatupwa. Alipunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mzuri gerezani, akatoka baada ya miaka 13 na miezi kadhaa. Ana miaka minne nje sasa.

Ningeweza kuchagua kisa chepesi, cha mvulana wa miaka 18 na mpenzi wake wa 17, na msomaji angeshalainika kabla hatujafika kwenye Katiba. Sikukitaka. Hapa kuna mtoto wa darasa la saba aliyeumizwa na mtu aliyekuwa akimwamkia asubuhi, na hoja ya kikatiba inayosimama kwa wa kuhurumiwa peke yao haimlindi yeyote.

Alipotoka hakurudi Amu. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba, watu wawili hawapishani bila kusalimiana, na mama wa yule msichana bado anaishi palepale. Alihamia Malindi, akafungua karakana ya useremala aliojifunza jela, akaoa. Mke alielezwa kila kitu kabla ya posa. Wana binti wa miaka mitatu ambaye mwezi huu ameanza madrasa.

Tatizo lilianzia huko madrasa. Ustadh alimpigia simu wiki ya Maulidi: "Baba, Jumamosi twataka kina baba wawili wa kuwaandama watoto kwenye zefe. Wewe nishakuandika." Kwa baba mwingine, kuongozana na watoto kwenye maandamano hayo ya Maulidi ni jambo la kuitikia inshallah na kutafuta kanzu safi. Kwa huyu ni suala la jinai. Kifungu cha 39 cha Sheria ya 2006 kinasema kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono, akiomba kazi inayompa mamlaka au malezi juu ya watoto, au akijitolea au kukubali kuwaangalia, bila kueleza kwamba aliwahi kutiwa hatiani, anatenda kosa jipya. Kukubali tu kunatosha. Sheria haiulizi kama ni kwa mshahara au kwa thawabu, wala kama kosa la zamani lilitendeka mwaka jana au miaka 30 iliyopita. Akamwambia ustadh kwamba ana kazi ya haraka ya mteja, kisha akaenda kutafuta wakili.

Kwa wakili aliomba mambo mawili. La kwanza, jina lake litolewe kwenye daftari la wakosaji wa kingono. La pili, kama haliwezi kutolewa, aambiwe litatoka lini na nani ana uwezo wa kulitoa. Mimi naona la kwanza litashindwa, na halina budi kushindwa kwa sasa. La pili lina nguvu kubwa, na ndilo linalostahili kupelekwa mahakamani.

Tuanze na sheria yenyewe, maana watu wengi huichanganya. Ndani ya kifungu cha 39 kuna mambo matatu tofauti. Kuna usimamizi wa muda mrefu kwa mtu ambaye mahakama imemtangaza kuwa mkosaji hatari wa kingono. Mahakama inaweza kufanya hivyo kama ana hatia zaidi ya moja, kama kosa liliambatana na nguvu au vitisho, au kama lilitendwa dhidi ya mtoto. Huo unaamriwa na hakimu, ripoti ya afisa wa probesheni ikiwa mbele yake. Kuna wajibu wa kujitaja, ule uliomkuta mwombaji kwenye simu. Na kuna daftari lenyewe, linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, ambalo mtu mwenye sababu ya msingi anaweza kulikagua.

Ukiyaweka matatu hayo sambamba unaliona pengo. Usimamizi una hakimu, una ripoti na una masharti yanayoandikwa kwa mtu mmoja mmoja. Daftari halina lolote kati ya hayo. Jina linaingia kwa nguvu ya hatia peke yake, na kifungu hakitaji miaka litakayokaa, hakitofautishi kosa na kosa, wala hakimtaji ofisa wa kupelekewa ombi. Wajibu wa kujitaja nao unaandamana na mtu hadi kaburini. Kwa mwombaji wetu, hakimu wa Lamu hakumtangaza kuwa mkosaji hatari. Yaani hatua ya usalama iliyohitaji uamuzi wa mtu haikuchukuliwa, na iliyobaki ni ile isiyoamuliwa na mtu yeyote.

Je, hiyo ni adhabu? Swali hilo limewasumbua Wamarekani kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2003, katika kesi ya Smith v. Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliangalia sheria ya jimbo la Alaska iliyowataka wenye makosa mazito au zaidi ya moja wajisajili maisha yao yote na kuripoti kila baada ya miezi mitatu, wakiwemo waliotenda makosa kabla ya sheria kutungwa. Kwa kura 6 dhidi ya 3 mahakama ilisema daftari ni hatua ya kiraia ya kulinda umma na si adhabu, kwa hiyo linaweza kurudi nyuma. Miaka 13 baadaye mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoangalia sheria ya Michigan, katika Does v. Snyder, ilifika kwingine. Michigan ilikuwa imeongeza marufuku ya kuishi, kufanya kazi au kuzubaa ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na majaji wakasema mzigo huo sasa ni adhabu, hauwezi kuwashukia watu waliokwisha kuhukumiwa.

Mwombaji wetu asipoteze muda wake hapo. Alitenda kosa baada ya Sheria ya 2006 kuanza kutumika, na daftari lilikuwamo tangu mwanzo. Lakini kuna jambo moja katika Smith v. Doe ambalo kila wakili anayetaka kugusa mada hii alijue. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu hiyo, aliegemea dai kwamba hatari ya wakosaji hawa kurudia kosa "inatisha na iko juu", maneno yaliyotoka katika hukumu ya mwaka mmoja nyuma. Baadaye wasomi wawili, Ira Ellman na Tara Ellman, walifuatilia tarakimu iliyokuwa nyuma ya maneno hayo, kwamba wasiotibiwa hurudia kosa kwa kiasi cha asilimia 80. Waliikuta imetoka katika makala ya jarida la kawaida la mwaka 1986, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akiendesha mpango wa ushauri gerezani, bila utafiti wowote wa kuithibitisha. Tarakimu hiyo ilihama kutoka jarida hadi kitabu cha mwongozo, kutoka mwongozo hadi hukumu, na hukumu hiyo ikanukuliwa na mahakama nyingine nyingi. Maisha ya watu maelfu yaliamuliwa juu yake. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma, kwa sababu ulinzi wa watoto uliojengwa juu ya tarakimu ya uongo hauwalindi watoto.

Utafiti wenyewe unasema kitu kingine. Mwanasaikolojia wa Kanada Karl Hanson na wenzake wamefuatilia watu waliotoka gerezani na kuona kwamba hatari hupungua kadiri mtu anavyokaa nje bila kosa jipya. Baada ya miaka 10 hadi 15, kwa walio wengi hatari hiyo inakaribia ile ya wahalifu wa kawaida wasiokuwa na rekodi ya makosa ya kingono. Angalia lakini saa inaanza kuhesabu lini: siku ya kutoka. Mwombaji ana miaka minne tu. Takwimu zinazomsaidia ndizo zinazomwambia asubiri.

Katiba ya Kenya haitulazimishi kuamua kama daftari ni adhabu. Kifungu cha 24 kinauliza swali jingine: haki iliyowekewa mpaka ni ipi, mpaka huo ni wa nini, unaenda umbali gani, na je, kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile? Haki zinazohusika hapa ni heshima ya utu katika kifungu cha 28 na faragha katika kifungu cha 31. Lengo ni kuwalinda watoto, na hilo kifungu cha 53 kinalipa uzito wa juu kabisa. Hakuna jaji atakayesema lengo ni baya. Hoja inabaki kwenye umbali na njia: kwa nini milele, na kwa nini bila mtu kutazama tena?

Uingereza imeshajibu swali hilohilo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi ya watu wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 11 alipotenda kosa dhidi ya mtoto wa miaka 6. Mwingine alikuwa mtu mzima aliyefungwa miaka mitano kwa kumdhulumu binti yake. Wote walitakiwa kuripoti polisi bila kikomo, kwa sababu sheria ilisema hivyo kwa kila aliyepata kifungo cha miezi 30 au zaidi. Mahakama haikulifuta daftari. Ilisema tu kwamba wajibu wa maisha yote usio na nafasi ya kupitiwa upya unakiuka haki ya maisha binafsi, kwa kuwa wapo watu ambao ushahidi unaweza kuonyesha si hatari tena, na sheria haikuwapa mahali pa kuuleta ushahidi huo. Mwaka 2012 serikali ilirekebisha: mtu mzima anaweza kuomba kupitiwa upya baada ya miaka 15, aliyetenda kosa akiwa mtoto baada ya 8. Anaanza na polisi, na wakimkatalia anakwenda kwa hakimu. Aliye bado hatari anabaki.

Ukipima kwa kipimo hicho, mwombaji wetu angekuwa na miaka 11 mbele yake ya kusubiri. Hilo halimharibii kesi. Linaonyesha kwamba anachodai ni kitu cha wastani ambacho Bunge linaweza kukiandika katika ukurasa mmoja.

Kanada ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022. Mahakama yao ya Juu ilikubaliana kwa kauli moja kwamba kumsajili mtu maisha yake yote kwa sababu tu ana mashtaka mawili, hata kama yametokana na usiku mmoja, kunavunja katiba. Kwa kura 5 dhidi ya 4 ilisema pia usajili wa lazima usiompa jaji nafasi ya kuamua hauwezi kusimama. Afrika Kusini, ambayo katiba yake iko karibu zaidi na yetu, ilisema mwaka 2014 kwamba mtoto aliyetenda kosa akiwa na miaka 14 hawezi kuingizwa kwenye daftari moja kwa moja bila kusikilizwa. Jaji Thembile Skweyiya ndiye aliyeandika hukumu hiyo, na Bunge likarekebisha sheria mwaka uliofuata. Hukumu hizi haziwafungi majaji wetu, lakini zinasomwa Malindi kama zinavyosomwa Nairobi.

Sasa nigeukie upande ambao maombi kama haya hupenda kuupita mbio.

Malindi ina sababu yake ya kulitaka daftari. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na UNICEF zilitoa utafiti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto katika ukanda wa Pwani, Malindi ikiwemo, na picha iliyotoka ilikuwa ya kutisha: watoto wanaouzwa kwa watalii na kwa wenyeji pia. Mzazi wa hapa anayetaka kujua anayemfundisha mwanawe kuogelea ni nani hana chuki. Ana kumbukumbu. Tena daftari letu linawaandika waliohukumiwa na mahakama zetu. Mgeni aliyehukumiwa kwao akashuka Malindi hayumo. Marekani ilijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2016 kwa sheria inayoweka maandishi ndani ya pasipoti za raia wake waliosajiliwa kwa makosa dhidi ya watoto. Jaji atakayesikiliza ombi hili lazima ayaone hayo, na wakili asiyeyataja mwenyewe atakuwa amemwachia wakili wa serikali ayatumie kama fimbo.

Kuna pia msichana. Sasa ni mwanamke wa miaka 30. Hakuulizwa kama anataka kesi hii, na akisikia kwamba yule mtu anaomba jina lifutwe anaweza kuhisi kwamba kilichompata yeye ndicho kinachofutwa. Nasema waziwazi: kama ombi la kwanza lingekubaliwa leo, miaka minne baada ya kutoka gerezani, kwa karatasi tu na bila yeye kuambiwa, lingekuwa dhuluma.

Na hapa ndipo udogo wa mji unapoingia. Watu hudhani daftari lililo wazi zaidi linamlinda mtoto zaidi. Katika jiji la mamilioni huenda jina linabaki jina tu. Lamu, jina la mkosaji ni anwani ya mwathiriwa: jirani, binamu, mwanafunzi wa mwalimu fulani. Kwa mtoto aliyedhulumiwa na mtu wa ukoo, na kesi za namna hiyo ni nyingi, jina la ukoo likisomwa hadharani limemsoma na yeye. Daftari linalofunguliwa na karani kwa mtu aliyeeleza sababu yake linalinda tofauti na orodha inayopitishwa simu kwa simu kwenye makundi ya WhatsApp. Maneno "sababu ya msingi" yaliyomo katika kifungu cha 39 ni ngao ya mwanamke yule kama yalivyo ya mwombaji, na mahakama inapaswa kuyapa meno.

Tuje kwenye njia ya kupita. Hapa kesi nyingi nzuri zimezama, na mbili kati ya hizo zinapaswa kusomwa neno kwa neno. Baada ya hukumu ya Muruatetu ya 2017 kuondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, mahakama nyingi zilianza kupunguza hata vifungo vya chini vya Sheria ya 2006. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba Muruatetu inahusu mauaji tu. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi hapa Malindi iliona kwamba kifungo cha maisha kisicho na kikomo kwa kosa la kumnajisi mtoto kinavunja utu wa mfungwa, ikaweka miaka 40 badala yake. Julai 2024, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilirudisha kifungo cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa, na Aprili 2025 ikaibatilisha ile ya Malindi pia. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa ya utaratibu: uhalali wa kikatiba wa vifungu husika haukuwa umeletwa na kujadiliwa ipasavyo tangu Mahakama Kuu, uliibukia kwenye rufaa.

Kwa hiyo mwombaji asijaribu kupenya kupitia rufaa ya zamani wala ombi la kupitia upya hukumu yake. Afungue ombi la kikatiba Mahakama Kuu ya Malindi chini ya vifungu vya 22 na 165. Ataje kijifungu kimoja baada ya kingine, aonyeshe kila kimoja kinagusa haki ipi na kwa namna gani, na amshtaki Mwanasheria Mkuu pamoja na Msajili. Alete ushahidi tangu siku ya kwanza: ripoti ya afisa wa probesheni aliyemtembelea, hati ya kiapo ya mtaalamu anayeeleza tafiti za kupungua kwa hatari, na maelezo yake mwenyewe ya simu ya ustadh, kwa sababu ile simu ndiyo inayoonyesha mzigo huu unavyobebwa. Hoja ya kwamba daftari ni mateso ningeiacha nje kabisa. Ni dhaifu na itamchosha jaji. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweza kutajwa kwa aya moja, maana inatambua haki ya kufutiwa taarifa zisizohitajika tena, ila serikali itajibu kwamba daftari limeamriwa na sheria, na jibu hilo lina uzito.

Amri ya kuomba iwe ndogo. Jaji atangaze kwamba kifungu cha 39 kinakiuka Katiba kwa kadiri kisivyoweka nafasi ya kupitiwa upya, kisha asimamishe tangazo hilo kwa muda ili Bunge lirekebishe na jina lolote lisitoke katikati. Wajibu wa kujitaja uendelee kufanya kazi muda wote huo, na mwombaji aambiwe hivyo kwa lugha nyepesi: kesi kuwa mahakamani hakumpi ruhusa ya kukubali kusimamia watoto akanyamaza.

Na Bunge likiandika utaratibu, lisiuandike kama barua kati ya mkosaji na Msajili. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kusikilizwa pale maslahi yake yanapoguswa. Mwanamke wa Amu apewe taarifa mapema, kwa faragha, na mtu anayemwamini. Awe na hiari ya kusema au kutosema, kufika au kutuma maandishi, na kikao kifanyike milango ikiwa imefungwa, mbali na Lamu akitaka, nauli ikilipwa na serikali.